Zamu ya Mama Watoto

Mtaa mzima ulimwita Umeotaje, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa mpiga picha za pasipoti na vitambulisho, na kila aliyekaa kwenye kiti chake alimuuliza swali lile lile: "Jana usiku umeotaje?" Basi mtu aliyekakamaa kama kuni hulegea, huanza kusimulia, na uso ukitulia tu, Umeotaje anafyatua. Picha zake zilitoka na watu hai, si kama za wenzake zinazowatoa watu kama waliofiwa.

Ndoto za watu alizijua, jamani. Alijua fundi viatu huota anaimba mbele ya umati, na karani wa benki huota meno yamemng'oka. Jioni alirudi nyumbani masikio yamejaa, akala, akalala. Mkewe akianza, "Baba Watoto, kuna jambo," yeye huguna "mm," kisha anakoroma. Ndiyo hivyo tena, kinyozi hajinyoi.

Siku moja foleni ilifika hadi barazani. Umeotaje alikuwa ameinama, anahangaika na waya wa taa, akasikia mtu amekaa kitini. Hakuinua kichwa.

"Karibu. Jana umeotaje?"

"Nimeota nimepanga foleni hapa kwako."

Waya ukamtoka mkononi. Mkewe alikuwa amekaa wima, nywele kazibana nyuma na masikio yako nje, kama pasipoti inavyotaka.

"Mama Watoto? Pasipoti ya nini?"

"Nimepata kazi ya kushona, ng'ambo. Miaka miwili. Mara ngapi nimekwambia, ukaguna?" Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetaja bei ya nyanya, na hilo ndilo lililomtisha mumewe. "Nimechoka kuongea na mgongo. Piga picha, wenzangu wanangoja."

Umeotaje aliona aibu, na hofu ikaizidi aibu. Akashika kamera. Humo ndani akaona mikunjo kandokando ya macho ya mkewe, wala hakujua ilianza lini. Akafyatua.

"Umefumba macho," akasema.

"Sikufumba."

Kweli, hakufumba. Akafyatua tena, akadai ametikisika. Nje mzee mmoja akakohoa kile kikohozi cha kuharakisha watu.

"Acha mchezo, Baba Watoto."

"Haya. Basi malizia ndoto."

Mkewe akamtazama, akipima kama anaulizwa kweli au ni kazi tu. "Foleni inasogea. Zamu yangu ikifika, unasema umefunga kwa leo. Unafunga mlango, mimi nimebaki nje. Wala sikuiota jana peke yake."

Umeotaje akaweka kamera mezani, akaenda mlangoni. "Samahanini, ndugu zangu. Rudini kesho." Wakanung'unika, na yule mzee akauliza kama kesho atakuwa bado na sura hii. Umeotaje akafunga mlango, akavuta kiti kingine, akakaa mbele ya mkewe.

"Picha nitakupa, na kama ni kwenda, utakwenda," akasema. "Ila kwanza nieleze hiyo kazi. Toka mwanzo."

Mkewe akaziachia nywele alizozibana. "Ni maneno mengi."

Umeotaje alikaribia kusema "mm," akaimeza.