Gélule za Papa Théophile

Muuguzi Mwadi alifungua bendeji, akanusa kwanza, ndipo akatazama. Papa Théophile alimkodolea macho usoni, maana mguu wake mwenyewe ulikuwa umeacha kumpa habari. Kisukari kilikuwa kimeutia ganzi. Miezi miwili nyuma, cheche ya kulehemu ilimwingia kwenye kandambili. Akasikia harufu ya kuungua, akaanza kuzunguka gereji kutafuta kinachoungua. Kumbe ni yeye!

Jumatatu Mwadi alikuwa ameuzungushia wekundu wa kidonda mstari wa kalamu ya biki. Leo Alhamisi wekundu ulikuwa umeuvuka kwa upana wa kidole, unapanda. Daktari alikwishasema: ukifika kwenye kifundo, anaukata mguu.

"Papa, gélule unamezaka ngapi ku siku?"

"Mbili. Zingine mbili nafungua, namwanga unga mu kidonda."

Wagonjwa waliokaa kwenye benchi wakaitikia kwa vichwa, wanamuunga mkono. Mtaa mzima wa Kikula ndivyo wanavyofanya. Mtoto akijikata, gélule. Mchimbaji akichubuliwa na jiwe, gélule. Nani hakumwagiwa unga ule na mama yake?

Mwadi hakumfokea. Mungu ampe maisha marefu mwanamke yule! Alipiga magoti sakafuni, akauosha unga uliogandamana kama ukoko wa ugali wa bukari, kidogo kidogo, karibu saa nzima, na foleni ikimngoja.

"Ubaya iko mu ndani, Papa, mu nyama. Dawa inafika kule na damu. Ile ya kumwanga inafunika tu uchafu. Ulipashwa kumeza zote nne."

"Zilishaisha, mama."

Aibu ilimshika mzee. Siku kumi za dawa, na nusu yake aliipoteza kwa mikono yake mwenyewe. Akajikongoja nyuma ya Mwadi hadi dirisha la dawa.

Isidore, mtunza dawa, alifungua kitabu chake. "Théophile, arobaini, alishapata. Ingine haiko, mpaka chef ya kituo asaini bon."

"Chef iko wapi?"

"Lubumbashi, mu séminaire. Atarudia kiisha wiki moja."

"Kiisha wiki mguu haitakuwako!"

"Minye nafanya nini, Mwadi? Kitabu ni kitabu."

Boksi la gélule lilikuwa pale pale mezani. Mwadi alinyoosha mkono, akahesabu arobaini, akasaini jina lake mwenyewe kwenye mstari wa chef. Isidore akashika kichwa.

"Yesu! Weye ulishapata demande d'explication mbili, barua za chef za kukuuliza sababu. Ya tatu ni kukusimamisha kazi!"

"Najua kuhesabu."

"Mama, rudisha," Papa Théophile alisema. "Kosa ni ya minye. Usipoteze kazi juu ya muguu ya muzee."

"Nyamaza, Papa. Fungua kinywa."

Alimtilia gélule ulimini, akampa kikombe cha maji, akangoja mpaka koo la mzee likapanda na kushuka. Kisha akamwambia afungue kinywa tena, ahakikishe. Papa Théophile alikuwa amefanya kazi na wanaume wa shoka miaka thelathini, na hakuwahi kumwona mtu jasiri kama huyu.

Mwadi akamwomba Isidore karatasi. Akaegemea dirisha, akaanza kuijibu barua ambayo chef alikuwa hajaiandika: "Sababu: Papa Théophile angali iko na miguu mbili."