Mama Mkwe Aenda Kuona Maua

Tangu presha ya macho ilipompofusha, Mama Victoire alikuwa na ombi moja: apelekwe kwenye ile hifadhi ndogo ya maua ya mwituni nyuma ya Lubaga, ambako alisikia nyasi zimeachwa zikue zenyewe, kama vilimani kwao Masisi. Mwanawe Blaise akamtwika mkewe kazi hiyo. Jumapili, baada ya misa, Darlène akamshika mkono mama mkwe wake, wakaingia getini.

Maua yalikuwa yamefumuka mpaka ukingoni mwa njia, ya manjano, ya zambarau, meupe.

"Niambie, binti. Unaona nini?"

Darlène akavuta pumzi. "Wamefyeka, Mama. Limebaki vumbi."

"Yote?"

"Yote."

"Mbona nasikia nyuki?"

"Wanatafuta kilichokuwapo."

Darlène akautazama uso wa kikongwe ukikunjamana, akaona raha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka mitatu.

Askari wa hifadhi, Komakech, akawajia akitabasamu. "Karibuni, nyabo! Mmekuja siku nzuri. Mwaka huu wote hayajachanua namna hii."

Victoire akauachia mkono wa mkaza mwanawe. "Kwa nini, Darlène?"

"Nilipojifungua mtoto aliyekufa, nilikuomba nimwone kabla hamjamzika. Ulinijibu nini?"

"Nilisema hakuna cha kuona."

"Haya."

Komakech, asiyejua aangalie wapi, akajitolea kumwongoza mzee ayaguse maua kwa vidole. "Tuna haraka," Darlène akamkatiza, akamgeuza mama mkwe wake kwa mabega kama mtu anayegeuza kiti.

Walikuwa wameteremka nusu ya kilima, Victoire alipofungua mdomo.

"Alikuwa na nywele nyingi, yule mtoto. Na kidoti shavuni."

Darlène akaganda katikati ya barabara. Bodaboda ikampigia honi, ikamkwepa, hakusogea.

"Shavu lipi, Mama?"

Victoire akapapasa njia kwa fimbo yake, akampita.

"Nimesahau."

Mpaka leo Darlène humuuliza, akimwogesha, akimlisha uji, mara nyingine akiwa amepiga magoti mbele yake. Jibu ni hilohilo.