Wingu la Kaunta

Alhamisi hiyo Winfrida alifika Mapumziko Garden jua likiwa bado kali. Alifuta vumbi kwenye nyaya zake kwa kipande cha kanga kuukuu, akachomeka spika mbili, akafungua kompyuta. Zuhura, mhudumu wa baa, alikuwa akipanga chupa kwenye friji huku akiilalamikia miguu yake. Wateja walikuwa wawili: mwalimu wa shule ya udereva aliyeagiza supu, na rafiki yake aliyekuja kumtazama akila supu.

"Leo unatupigia ule wa msibani au ule wa kupimia presha?" Zuhura aliuliza.

"Leo nina mpya, dada Zu. Huu utaupenda, naapa."

"Ule wa wiki jana ulinilaza nikaunguza chipsi."

"Si unaona? Unafanya kazi."

Wenye muziki ule huuita ambienti, na ule wenye mdundo kidogo huuita dauntempo, lakini Winfrida akiulizwa na watu wa Morogoro alisema ni muziki wa kukaa. Mtu hauchezi, anakaa ndani yake kama anavyokaa kivulini. Huo mpya aliutengeneza kwa kwaya ya Matombo, kule kwao milimani, aliyoirekodi siku ya Pasaka. Aliivuta sauti, akaivuta tena, mpaka Amina moja ikachukua muda wa mtu kumaliza sahani ya wali. Chini yake aliweka vyura wa bondeni na kinu cha bibi yake, kikitwanga mara moja, kikinyamaza, kikitwanga tena. Alikuwa na shahada ya uhasibu, lakini alichorudi nacho nyumbani kilikuwa muziki huu. Aliamini, bila aibu yoyote, kwamba mji unaokimbizwa na muziki wa singeli tangu asubuhi umejaa watu wanaotamani kukaa, ila hakuna aliyewaambia kwamba inaruhusiwa.

Leonard, mwenye baa, hakuwa mtu mbaya. Alimpa Alhamisi kwa sababu Alhamisi hakukuwa na wateja wa kukimbia.

"Binti, mimi nakupenda," alimwambia siku hiyo akiegemea kaunta, "lakini kama hali ndiyo hii, leo tunaagana. Vijana wa singeli wananisumbua waongezewe siku."

"Watakuja, bosi."

"Akina nani?"

"Wa kusikiliza."

Wingu liliingia wakati wa Amina. Lilipitia mlango wa jikoni, likajikunja kidogo lisiguse masufuria, likapita juu ya kichwa cha mwalimu wa udereva, likaenda kukaa juu ya kaunta. Kwa ukubwa lilikuwa kama gari la Noah. Zuhura aliondoa kiberiti na kopo la chumvi visilowe, akatega sufuria pale lilipokuwa likidondosha.

"Karibu," alisema.

Mwalimu alitazama juu, akaifunika supu yake kwa sahani, akawa anafunua upande na kuchota. Leonard alisogea kiti kimoja. Winfrida peke yake ndiye aliyelikodolea macho, na si kwa sababu ni wingu. Miezi yote aliyopiga pale hakuwahi kumwona mtu akisikiliza kipande kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Wingu lilisikiliza. Halikushika simu, halikuinuka kwenda kuongea nje, halikumwomba wimbo wa harusi. Kinu kilipotwanga lilishuka kidogo, kilipotulia likapanda. Amina ilipokwisha kabisa, na baa nzima ikabaki na ule ukimya unaokuja mtu akitua mzigo, lilitoa radi ndogo, ya heshima, kama mtu anayekohoa kanisani.

Usiku ule Winfrida alitembea kwa miguu mpaka nyumbani akiimba.

Mwezi ule joto la Morogoro lilikuwa la kuyeyusha sabuni, na habari kwamba Mapumziko kuna baridi zilienea kuliko tangazo lolote. Watu walikuja na masweta. Walikaa chini ya wingu, wakaagiza chai, na kwa kuwa si rahisi kupayuka chini ya wingu, walinyamaza. Na waliponyamaza, wakasikia. Mama mmoja muuza vitambaa alilia kidogo, akasema hajui kwa nini, akarudi wiki iliyofuata na dada zake. Leonard aliandika ubaoni, KARIBU, BARIDI IPO, akamwongezea Winfrida Ijumaa na Jumapili.

"Nilikwambia, bosi!"

"Ulisema watakuja watu. Hukusema kitu kuhusu wingu."

Jambo moja tu Winfrida hakupenda kulifikiria. Zuhura alisema kwamba wingu haliondoki. Asubuhi akifungua baa analikuta palepale, juu ya kaunta, limelala. Siku za singeli linajificha chini ya kaunta kama paka, linangoja kelele ziishe.

"Linaningoja mimi," Winfrida alisema.

"Haya," alisema Zuhura.

Furaha ikimzidi, Winfrida alimpigia simu bibi yake huko Matombo. Bibi Scholastika alimwita mke mwenzangu, kama kawaida ya bibi na mjukuu wake.

"Shikamoo bibi! Nina habari!"

"Marahaba, mke mwenzangu. Sema haraka, niko shambani natazama mbingu. Vuli imetutupa. Mbegu ninazo mkononi, mvua sina."

Winfrida alimsimulia yote: kaunta, masweta, mama wa vitambaa. 

"Linafananaje?" Bibi aliuliza.

"Jeupe. Chini lina rangi ya majivu. Limeegemea upande wa kushoto."

"Hilo ni letu," alisema Bibi, akakata simu.

Alifika Jumapili mchana juu ya lori la ndizi, amevaa gauni la kanisani na mabuti ya mvua. Baa ilikuwa imejaa. Alimwamkua kila aliyestahili, akaitikia kila shikamoo, akakataa kiti. Akasimama mbele ya kaunta, mikono kiunoni.

"Wewe," aliliambia wingu. "Huoni haya? Mimi nachimba mashimo kwenye vumbi, wewe uko huku unatazama watu wakinywa bia?"

Wingu lilishuka mpaka likagusa mbao.

"Bibi, linasikiliza muziki," Winfrida alisema kwa sauti ndogo. Alijua anatetea nini.

Bibi aliweka kiganja juu ya kaunta. Ilikuwa kaunta nzuri, ndefu, ya mbao nyekundu isiyo na kiungo, na Leonard alipenda kuwaambia wageni waipapase. Bibi aliipapasa. Akapitisha vidole upande wa chini, polepole, mpaka vikasimama mahali. Kulikuwa na kovu pale, refu kama unyayo wa mtoto.

"Hapa mama yangu alikuwa akitundika mzinga wa nyuki," alisema. "Huu ni mti wa mkangazi wa kwetu. Ulikuwa umesimama juu ya shamba, pale mlima unapokunja. Kila vuli wingu hili lilikuwa linakuja kukaa kileleni mwake, linatunyeshea, linapumzika, linanyesha tena. Alikuja mtu na mashine na karatasi zenye mihuri, akasema mti unatakiwa kwa ajili ya madawati ya shule. Tukampikia mpaka kuku."

"Na madawati?" Zuhura aliuliza.

"Watoto wanakaa chini mpaka leo."

Watu walitazama kaunta, wengine wakainua glasi zao kutoka juu yake, wakakaa nazo mkononi kwa muda, kisha wakazirudisha kwa kuwa hapakuwa na pa kuziweka.

Winfrida alivua hedifoni. 

"Kwa hiyo halikuja kunisikiliza mimi."

"Lilikuja kukaa, mke mwenzangu. Mtu akibomolewa nyumba, huzifuata mbao zake."

Leonard aliletwa kutoka nyuma. Alimwamkua Bibi kwa heshima, akampa soda baridi, akamsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulionyesha kwamba anaamini kila neno.

"Pole sana, mama. Lakini mimi nilinunua mbao dukani kama mtu yeyote. Vibali ninavyo."

"Irudishe, bosi," alisema Winfrida. "Tuipeleke juu. Nitakusaidia kubeba."

"Irudi ikafanye nini? Kaunta ukiipanda inaota, mwanangu?"

Hakuwa anakejeli. Aliuliza kweli. Bibi alimaliza soda yake, akashukuru.

Winfrida hakulala vizuri, lakini alfajiri aliamka na wazo, na wazo lile lilimfanya avae viatu kabla ya kunawa uso. Alimwomba Yusuph, jirani yao mwenye pikapu. Walimpandisha Bibi mbele. Nyuma wakafunga spika mbili na betri ya gari, wakaenda kusimama kwenye mlango wa Mapumziko. Zuhura aliwafungulia akiwa na mswaki mdomoni.

"Nataka kujua tu," Winfrida alimwambia. "Kama halinisikii, basi. Nitarudi kwenye uhasibu."

Akabonyeza.

Amina ilianza, ndefu, kutoka chini kabisa. Wingu lilikuwa limelala juu ya kaunta. Kinu kilitwanga. Halikusogea. Vyura wakaanza, na Yusuph akazungusha ufunguo, akaliingiza gari barabarani taratibu kama mtu aliyebeba mayai. Winfrida, amekaa nyuma na kompyuta magotini, hakuthubutu kugeuza shingo.

"Linakuja!" Zuhura alipiga kelele, povu la dawa ya meno likimtoka. "Winfrida! Linakuja, mama wee!"

Lilikuwa limetoka mlangoni, likasimama kidogo kuitazama kaunta, kisha likafuata. Winfrida alicheka mpaka akashika mbavu. Walipofika Bigwa, askari wa barabarani aliwasimamisha, akalizunguka wingu, akauliza kama ni mzigo au ni abiria.

"Ni mwenyeji," Bibi alisema dirishani. Askari akawapungia mkono wapite.

Walipita Kiroka, wakapita Mkuyuni. Wauza mafenesi walihamisha makapu yao kutoka jua kwenda kwenye kivuli kilichokuwa kinapita, wakayarudisha. Barabara ya Matombo iliwarusha, na kila pikapu iliporuka wingu liliruka pia.

Shambani, wingu lilipanda moja kwa moja mpaka pale mlima unapokunja. Kulikuwa na kisiki kipana cha kuweza kukaliwa na familia nzima. Lilishuka juu yake, likainuka, likajaribu tena. Halafu likabaki linaelea kwenye urefu uleule ambao zamani kilele kilikuwa, limeegemea kushoto, likiwa limekalia hewa. Ilionekana wazi kwamba kukaa vile kunalichosha, na kwamba kinacholizuia lisiondoke ni ile Amina tu.

Likanyesha.

Bibi hakungoja. Alikuwa amevua gauni la kanisani, amefunga kanga, na wanawake wa jirani walishuka na majembe bila kuitwa. Walichimba, wakatia mbegu, wakafukia kwa mguu, mstari baada ya mstari. Winfrida alikaa chini ya turubai, maji yakimtiririka mgongoni, vidole juu ya vitufe, na moyo ukimdunda kwa kasi ambayo muziki wake haukuwahi kuwa nayo. Hakuna klabu duniani iliyokuwa na wasikilizaji kama hawa. Taa ya betri ilipogeuka nyekundu, aliondoa vyura kuokoa umeme. Akaondoa kinu. Ikabaki sauti moja ya kwaya, na hiyo akaivuta, akaivuta, mpaka ikawa nyembamba kama uzi wa buibui. Wingu liliushika uzi huo, na wanawake wakaongeza kasi.

"Bado kidogo, mke mwenzangu!" Bibi alipaza sauti. "Mstari mmoja!"

Akampa mstari mmoja. Kisha betri ikaisha.

Wingu lilitoa ile radi yake ndogo, ya heshima, likageuka, likashuka bonde kuelekea mjini. Leonard alipiga simu jioni kusema limefika salama, limelala kwenye kaunta, na wateja wanauliza kama Winfrida atapiga kesho.

Tangu hapo ndivyo mambo yalivyopangwa. Jumamosi asubuhi wingu huenda kazini na Winfrida. Jioni hurudi kukaa kwenye mti wake, ambako watu wenye masweta hulingojea. Zuhura hulisafishia kaunta mapema. Mahindi ya Bibi yalitoka, ya sehemu iliyopandwa. Kule ambako betri haikufika paliendelea kuwa vumbi.

Mwezi wa pili alikuja mtu mwingine na karatasi zenye mihuri. Ng'ambo ya korongo kuna mkangazi wa pili, mkubwa kupita wa kwanza, ambao juu yake hukaa wingu la ukoo mwingine. Aliupaka alama ya rangi nyekundu. Watu walipomwuliza, alisema ni kwa ajili ya madawati. Walikwenda kwenye ofisi zote walizozijua, na kila ofisi iliwapokea vizuri. Alama ilibaki.

Bibi Scholastika alivuka korongo kwenda kuitazama, akarudi, akakaa karibu na mjukuu wake aliyekuwa anafunga nyaya.

"Huo muziki wako," aliuliza, "unaweza kubeba mawingu mawili?"

Winfrida alifikiri. Itahitajika betri kubwa zaidi, na spika nne, na Yusuph atalalamikia matairi. Tena ni lazima kwanza mtu aende kulisoma lile la pili, ajue linapenda nini. Huenda halipendi kwaya, huenda ni la mvua za upepo, linataka kitu kama filimbi, filimbi ya mbali, iliyovutwa sana.

"Lina rangi gani chini?" aliuliza, na tayari alikuwa amewasha kompyuta.