Tundu la Tano la Verna

Janelle alifika shambani Jumapili baada ya kanisa, gari limejaa maboksi matupu. Verna, mama yake, alipoyaona, moyo ulimshuka. Walikuwa wamekubaliana: mama akifyatua bastola na risasi zote tano zikapiga sahani ya karatasi, atabaki kwake; akikosa hata moja, anahamia mjini kwa bintiye. Tangu mtu asiyejulikana ajaribu kufungua mlango wa jikoni wakati wa theluji, Janelle hakuwa na usingizi.

Jicho la Verna lilikuwa zima. Kilichomponza ni vidole vyenye baridi yabisi, na zile risasi kali alizoacha marehemu mumewe. Kila alipofyatua, bastola ilimpiga teke mpaka akawa anafumba macho kabla ya kufyatua. Ndipo shemeji yake Orrin, mzee mbishi aliyesimamia mashindano ya shabaha miaka nenda miaka rudi, alipomletea risasi pole za kichwa bapa, vichwa vyenyewe vimezama ndani ya ganda vikawa sawa na mdomo wake.

Janelle aliziona akacheka. "Mama, si maganda matupu haya? Utamtisha nani?"

"Kasimame mbele ya sahani ujue," Orrin akamjibu. "Kubwa inayokosa haimlindi mtu. Mama yako anataka ya kupata."

Verna akaziba masikio kwa pamba, akavuta pumzi, akafyatua mara tano. Safari hii macho yalibaki wazi.

Wakaisogelea sahani. Matundu yalikuwa manne.

"Moja imekosa," Janelle akasema, wala hakufurahi. Verna akaanza kufikiria atamwachia nani kuku wake.

"Hebu ngojeni, msizike mtu hajafa!" Orrin akavaa miwani. Risasi ya kichwa cha mviringo, kama zile za marehemu, huchana karatasi ovyo, lakini bapa hukata safi, kama mdomo wa kikombe unavyokata unga wa biskuti. Akachomeka risasi ambayo haijapigwa kwenye tundu la katikati. Pembeni yake ilibaki nafasi nyembamba iliyopinda kama mwezi mchanga, ukingo wake umekatwa safi. "Mbili zimepita mlango mmoja. Angalia mwenyewe. Zingekuwa zile za marehemu, tungebishana hapa mpaka kesho."

Janelle alipitisha kidole kwenye ule ukingo wa pili, akarudia. Halafu akamkumbatia mama yake, analia huku anacheka.

"Afadhali, Mama. Mwenzio nilikuwa naogopa. Ungekaa kule kwangu ghorofani siku nzima, huna hata kuku wa kumgombeza."

"Na mimi nilishaanza kukuchukia, mwanangu," Verna akasema, akashusha pumzi ndefu.

Jioni, Janelle alipotaka kuondoka, mama yake alimzuia mlangoni.

"Hayo maboksi yashushe. Nitayachora shabaha."