Karatasi Ndani ya Koti

Mwaka wa uhuru, Sefu fundi cherehani alijiunga na mfuko wa uwekezaji, ule wa kuchanga kidogo kidogo mpaka hisa zizae. Alitaka kiwanja, afe akiwa na kwake. Karani wa mfuko, Monsieur Jacques, akamuuliza, "Papa Sefu, utalipa namna gani? Mukusanyaji apite kwako kila Ijumaa, ao banque ikate yenyewe?"

"Mukusanyaji," mkewe Zaina akadakia. "Ule tunamujua mpaka kwa mama yake."

Lakini kwa mkusanyaji unabonyeza kidole gumba tu. Benki unatia sahihi, na Sefu, ambaye shule aliipita kwa nje, alijifunza kuandika jina lake miezi mitatu kwa chaki ya kukatia nguo. Akachagua benki. Sifa jamani, zimeua wengi! Hati ya makato, yenye sahihi yake na muhuri, akaitundika juu ya cherehani, na kila mteja alionyeshwa, atake asitake.

Miaka minne baadaye waasi wakauteka mji, wakaanza kuwasaka wenye kalamu: makarani, walimu, yeyote mwenye karatasi za wazungu. Monsieur Jacques alichukuliwa Jumatatu. Hakurudi.

"Choma ile karatasi, Papa Madina!" Zaina akamlilia mumewe, kwa jina la binti yao.

"Nikiichoma, kiwanja nayo imeungua."

Akaishonea ndani ya bitana ya koti la kijivu la mteja aliyekimbia, kwa mshono ambao hata fundi mwenzake asingeuona. Akajisifu tena, maskini. Siku ya tatu akaingia muasi mwenye bunduki, akapekua, asione kitu ukutani ila msumari. Kisha akalitazama koti, akalivaa, likamkaa.

"Fundi, unajua kazi," akasema, akaenda nalo vitani.

Mwaka uliofuata, waasi walipofukuzwa, benki ikafunguliwa tena. Dirishani alikaa karani mpya wa mfuko, Mademoiselle Lucie, naye akamsikiliza kwa huruma.

"Vitabu yote iliungua, tonton. Wale wa Ijumaa, mukusanyaji alikumbuka majina yao, tukaandika wote. Donc, weye uko na karatasi?"

"Nilikuwa nayo."

Zaina hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Tangu hapo, koti la kijivu likipita barabarani, Sefu huacha kushona akalifuata, macho kwenye mishono, mpaka mwenyewe ageuke kumuuliza anataka nini. Halijawa lile hata mara moja.