Bashi ya Bamapasa

Nkambo Émerence alikuwa amekaa chini mu lupango yake, mu kiwanja mbele ya nyumba, miguu imenyooka, anapaka rangi ku bashi. Ilikuwa bashi ya turubai nguvu, ile ya kufunga inje juu bantu bakae mu kivuli. Kazi yake njo ile: viti ya turubai, bashi ya ndoa, yote anaipambaka maua na banyama. Lakini hii haikuwa ya kuuzisha, ilikuwa ya mujukuu. Mira, muke ya mutoto yake Jephté, alikuwa mu maternité anangoja kuzaa, na siku ya mungu familia yote itakaa chini ya bashi hii juu ya kupokea mutoto.

Lupango iko kidogo, basi anapakaka nusu moja kwanza, nusu ingine inangoja. Pa nusu ile alikuwa amemaliza samaki mukubwa sawa ile ya Kinkondja, ndege mwenye mukia murefu, na hindi na majani yake. Kila kitu kimoja tu. Rangi ilikuwa ingali inangaa.

Jephté akaingia mbio, kiatu moja ku muguu, ingine ku mukono.

— Mama! Biko mbili!

— Nini iko mbili?

— Batoto! Bamapasa!

Weeh! Nkambo akaruka sawa mutoto ya masomo. Banamuke ya jirani bakaingia, banaimba nyimbo ya bamapasa, ile ya matusi yenye hata mukristo anaimba bila haya. Mu furaha ile Nkambo akakunja bashi pa katikati, nusu juu ya nusu, akaitupa mu nyumba, akakimbia na rangi ku vidole.

Ku maternité alimukuta Kanyinda, mama ya Mira, mwanamuke ya Kasai, ulimi yake pilipili.

— Karibu, Mama Jephté. Mbuyi na Kabanga bamefika.

— Kwenu jina ya bamapasa njo Mbuyi na Kabanga. Hapa Kamina ni Kyungu na Kabange.

Bakacheka, bakakumbatiana. Kisha Kanyinda akauliza:

— Na bashi yako, umepaka samaki ngapi?

Nkambo akaangalia vidole yake yenye rangi. Kila muntu anajua: pasa mumoja ukimupa nguo, mupe na mwenzake ya vile-vile. Ukisahau mumoja, anakasirika, anakataa kunyonya ziwa ya mama.

— Moja, akasema pole-pole.

— Basi usiifunge! Unataka bajukuu yetu bagombanie samaki siku ya kwanza?

Rangi ilikuwa imeisha, na muuzishaji yake alikuwa ameenda Kaniama. Pale pale Nkambo akashika kichwa:

— Yo! Na nimeikunja ingali mubichi!

Bakarudi nyumbani pamoja, Nkambo roho nzito, Kanyinda nyuma, juu anataka kuona maangamizi na macho yake. Bakashika bashi huku na huku, bakavuta. Krrr, ikaachana.

Samaki alikuwa anaangaliana na samaki mwenzake, kinywa kwa kinywa. Ndege mbele ya ndege. Hindi mbele ya hindi. Nusu ile ingine ilikuwa imekunywa rangi yote.

— Mama Jephté, nani amepaka hii ingine?

— Haraka yangu.

— Na banasema haraka haina baraka! Kanyinda akacheka mpaka akakaa chini.

Samaki ya pili alikuwa amefifia kidogo, mwembamba.

— Huyu njo Kabange, Kanyinda akasema, juu mutoto ya pili alizaliwa mudogo. Lakini hana jicho.

Nkambo akaingiza kidole mu kopo ya rangi, akakwangua chini, akamupa jicho.

Siku ya mungu bashi ikafungwa ku miti mu lupango. Banamuke bakaanza matusi ya bamapasa, na ya kwanza ikamwendea Nkambo:

— Nkambo mukia mwepesi, anakunja rangi mubichi!

— Mulikuwa munataka nikae? Nkambo akabarudishia, anacheza, kiuno bado kinajua kazi yake.

Chini ya samaki mbili Mira alikuwa amekaa, Kyungu huku, Kabange huku. Bote mbili banakamata ziwa, hakuna mwenye alikataa.