Mikate Miwili, Alama Moja

Turia alisema amekwenda Essaouira kufuata upepo. Marrakech mwezi wa nane ni kikaango, magoti yalikuwa yamemvimba, na daktari alikuwa ametaja mambo ya hewa ya bahari. Basi binti yake Ghizlane akakodi vyumba viwili ndani ya ukuta wa mji mkongwe kwa siku tisa, na hapo mtu angedhani hakuna zaidi cha kusimulia. Mjane wa miaka sitini na mitatu amekwenda kupumzika. Lakini Ghizlane ni mwalimu, amezoea kusoma nyuso za watoto walioficha kitu mfukoni, na aliona jambo moja. Alipoutaja mji huo, mama yake hakukataa. Miaka sita Turia hakutaka kulisikia jina la Essaouira hata kwenye taarifa ya hali ya hewa, kwa sababu mdogo wake Zhor ameolewa huko.

Ugomvi wao haukuwa siri kwa yeyote katika ukoo. Mama yao alifariki Alhamisi asubuhi nyumbani kwa Turia. Turia akampigia simu mdogo wake saa nne, wanaume hawakusubiri, na baada ya sala ya adhuhuri mama akazikwa. Zhor alishuka kwenye basi alasiri akakuta kaburi limeshamwagiwa maji. Alisimama mlangoni, mbele ya waombolezaji wote, akasema mama alizidiwa siku nne na yeye hakuambiwa. "Umenizikia mama yangu," akasema, na hakunywa hata maji. Alirudi kwao na basi la jioni ile ile.

Hayo ukoo mzima uliyajua. Alilolijua Turia peke yake ni hili: Jumanne ya wiki ile mama aliuliza, "Zhor anakuja lini?" na Turia akamjibu kwamba ameshampigia na yuko njiani. Hakuwa amepiga. Alikuwa amemuuguza mama miaka mitatu, akimwosha na kumgeuza, huku Zhor akija mara mbili kwa mwaka na samaki wake na vicheko vyake, na mama akichangamka siku hizo kuliko siku nyingine zote. Turia akaona wivu. Ni wivu tu, hakuna neno la kuuremba. Alitaka wiki moja mama awe wake peke yake, na hakujua kwamba ndiyo ya mwisho.

Basi akaja kupumzika. Asubuhi alikaa juu ya ngome pamoja na wanawake wengine waliokimbia joto la bara, akimenya mbegu za alizeti na kushika ukaya wake usipeperuke. Mchana yeye na Ghizlane walikula dagaa wa kuchoma karibu na bandari, na shakwe wakawaibia wawili waziwazi, na Turia akasema hata wezi wa mji huu wamenona. Alicheka. Alilala vizuri. Magoti yalipungua uvimbe, kwa hiyo daktari hakuwa mwongo. Mwongo alikuwa mtu mwingine, na kila alasiri alikuwa akitoka peke yake, akisema anakwenda kunyoosha miguu.

Miguu ilinyookea mahali pamoja siku zote. Ilimpeleka mpaka kwenye uchochoro wa mafundi mbao, ambako mume wa Zhor huchonga masanduku madogo yenye nakshi na hewa yote inanukia mti uliokatwa. Mlango wa Zhor ulikuwa wa tatu kushoto. Turia aliupita siku ya kwanza akitazama mbele kama askari. Siku ya pili aliutazama. Siku ya tatu aliona kitu kilichompa furaha ndogo mbaya: nyumba zote za uchochoro zilikuwa nyeupe pe, maana watu wa pale hupaka chokaa kila mwaka kabla chumvi ya bahari haijala kuta, lakini ukuta wa Zhor ulikuwa umebambuka magamba kama samaki. Alijisemea kwamba maisha yamemgeuka bibi vicheko. Kisha akaona haya, akaharakisha hatua. Hakubisha hodi siku hiyo wala siku nne zilizofuata.

Ghizlane alijua mama yake anakwenda wapi. Alimfuata mara moja kwa mbali, akarudi, akanyamaza. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na yeye alichukua lake: akafua mashuka, akayaanika darini, akayaanua yakiwa yamekakamaa kwa chumvi, na hakuuliza kitu.

Siku ya nane, kesho yake wakiwa na tiketi za basi la asubuhi, Turia aliamka na ghadhabu juu ya mkate wa dukani. Akasema ni sifongo. Akasema haiwezekani mtu kukaa mahali siku nane bila kula mkate wa mkono wake. Akakanda unga wa ngano na shayiri, akatia punje za shamari, akaufunika uumuke. Alipomaliza kuviringa mikate mitatu ya duara, mkono wake ulifanya wenyewe kazi uliyoizoea: ncha za vidole vitatu katikati, na mfinyo mmoja pembeni. Kila nyumba ina alama yake, ili kule kwenye tanuri la mtaa, ambako wote huoka pamoja, mkate usipotee. Hiyo ilikuwa alama ya mama yao. Turia hana nyingine, na alijua kwamba Zhor naye hana nyingine.

Aliipanga mikate kwenye ubao, akaifunika kwa kitambaa cha buluu, akajifunga ukaya.

"Tanuri liko hapa chini, Mama," Ghizlane akamwambia. "Hatua thelathini."

"Moshi wake siupendi."

"Siku hizi moshi nao una mtaa?"

Turia aliubeba ubao wake. Alitembea robo saa, magoti na yote, mpaka kwenye tanuri la uchochoro wa mafundi mbao, ambalo moshi wake ulikuwa ule ule.

Mchomaji wa hapo aliitwa Allal, mtu wa makamo mwenye nyusi zilizoungua, aliyejua majina machache ya watu na mikate yote ya mtaa. Alikuwa ameinama mdomoni mwa tanuri na sepetu yake ya mbao yenye mpini mrefu. Aliupokea ubao, akaitazama ile mikate, akamtazama na mwenyewe, akasema, "Hajati, wewe si wa hapa."

"Nimetoka Marrakech."

"Basi karibu. Mnakuja kula upepo wetu bure, angalau leo umeleta unga wako."

Akamwambia arudi baada ya saa moja. Turia angeweza kungoja pale kwenye benchi kama wengine. Hakungoja. Alikwenda akasimama kwenye kona ya soko la viungo, akainusa jira asiyokusudia kuinunua, na moyo ulimdunda kama wa msichana aliyetupa barua dirishani. Alijiambia amekuja kuoka mkate tu. Alijiambia hivyo mara nyingi.

Aliporudi, ubao wake haukuwepo. Allal alikuwa anajikuna shingo kabla hajaulizwa lolote.

"Hajati, mikate yako imeondoka."

"Imeondoka kwa miguu?"

"Imeondoka na Zhor, mke wa fundi. Usinigombeze mimi. Nilimwambia, dada, huo si wako, alama ni moja lakini wako ule pale, mimi ubao wako naujua. Akafunua kitambaa, akauchukua mkate mmoja, akaunusa muda mrefu mpaka nikadhani nimeunguza. Akaniambia, 'Najua si wangu.' Akaubeba ubao wote akaenda. Sasa ningefanyaje, nipigane na mwanamke kwa ajili ya mikate mitatu?"

"Na wake?"

Allal akanyoosha kidole. Kwenye rafu ulibaki ubao mmoja, chini ya kitambaa cheupe chenye darizi nyekundu. Turia alikifunua. Mikate mitatu, vidole vitatu katikati, mfinyo mmoja pembeni.

Aliubeba ule ubao mikononi, wa moto, akatoka nje, na hapo ndipo hofu ilipomshika kwelikweli. Mtu anaweza kuchukua mkate kwa hasira pia. Kuunusa si kusamehe. Isitoshe, hata kama Zhor angemsamehe, angemsamehe lile kosa analolijua, la simu iliyochelewa; lile la Jumanne hakulijua. Msamaha wa namna hiyo Turia angeuvaa kama nguo ya kuazima, akiogopa kila siku mwenyewe asije kuidai. Alitamani kurudi kwa Ghizlane, wale ile mikate, wapande basi. Lakini ubao wa watu hauendi Marrakech. Alihesabu milango mitatu kushoto, akabisha hodi.

Zhor alifungua mara moja, kama aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango. Alikuwa amekonda. Mvi zilikuwa zimemwingia kote, na Turia alishtuka, maana miaka yote sita alikuwa amegombana moyoni na mwanamke mwenye nywele nyeusi. Hawakukumbatiana. Zhor aliupokea ubao, akageuka, akaenda nao ndani, akauacha mlango wazi, na Turia akafuata.

Walikaa kwenye ua mdogo. Kuta za ndani nazo zilikuwa zimebambuka, chokaa imelala chini kama maganda ya yai. Mezani mkate wa Turia ulikuwa umeshamegwa na kipande hakipo.

"Umepunguza shamari," Zhor akasema.

"Za dukani huku hazina harufu."

"Zipo zenye harufu. Hukuuliza."

Zhor akamimina chai. Turia aliishika glasi bila kuinywa, akaogopa kwamba akinywa atakuwa mgeni, na mgeni huzungumza ya upepo na magoti. Akasema yote kwa pumzi moja.

"Zhor, mama alikuulizia. Jumanne. Nikamwambia nimekupigia na uko njiani, na sikuwa nimepiga. Sikusahau. Sikutaka uje. Nilikuonea wivu, nilitaka awe wangu peke yangu. Amekufa akikungoja kwa sababu yangu."

Akangoja afukuzwe. Zhor hakumtazama. Alikuwa anaokota makombo mezani, moja moja, akiyakusanya kwenye kiganja.

"Hakuwa akiningoja," akasema.

"Unasemaje?"

"Jumanne ile alinipigia mwenyewe. Ulikuwa umekwenda kununua dawa, akamwita jirani yako Mahjouba na simu yake. Akaniambia, 'Mwanangu, najisikia vibaya, ungekuja.' Nikamwambia nitakuja Ijumaa." Akafumba kiganja juu ya makombo. "Nilikuwa na wapaka chokaa, dada. Walikuwa wamefika asubuhi ile, ndoo zimejaa ua mzima, na ukiwaacha hawarudi mpaka mwakani. Nikamwambia mama, Ijumaa kuta zitakuwa zimekauka."

Turia akaiweka glasi chini. Alimkumbuka mama yake Jumatano na Alhamisi alfajiri, jinsi alivyotulia, jinsi ambavyo hakuuliza tena, na jinsi yeye mwenyewe alivyouchukua utulivu ule kama ushahidi kwamba uongo wake umeaminiwa. Kumbe mama aliujua. Alikuwa na watoto wawili, mmoja amemdanganya na mwingine amemwahirisha, akanyamaza kwa ajili ya wote wawili.

"Kwa nini ulinipigia kelele pale mlangoni?" hatimaye akauliza, na haikuwa lawama.

"Kwa sababu ulikuwepo. Ningempigia nani? Nilipoingia kwenye basi nilikuwa na lile neno la chokaa mdomoni, saa tatu nzima. Nilipokuona, nikakupa wewe ulibebe." Zhor akayamwaga makombo kwenye sahani. "Watu wakaniamini. Hata mume wangu. Ikawa vigumu kulirudisha. Na wewe hukuja kukana, nikajua una lako."

"Mama alikujibu nini, ulipomwambia Ijumaa?"

Zhor akainua uso, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha.

"Akasema, 'Vizuri, maliza kuta zako kwanza. Mimi siendi popote.'"

Turia akalia. Alilia kwa sauti, kwa namna ambayo hakulia siku ya mazishi, maana siku ile alikuwa na kazi ya kuonekana mwenye haki. Zhor akaja upande wake wa meza, akakaa bega kwa bega naye, wote wawili wakiutazama ukuta uliobambuka kama ule wa nje ambao Turia, siku tano nyuma, alikuwa ameufurahia.

"Hujapaka tangu mwaka ule," akasema.

"Siwezi hata kuisikia harufu yake."

Chai ilikuwa imepoa. Turia akainywa hivyo hivyo, yote, kisha akavuta ubao, akamega mkate wa mdogo wake, akampa nusu. Walikula. Ulikuwa na shamari ya kutosha, na hilo lilimuudhi kidogo, kama zamani.

Alipomaliza alijipangusa uso kwa ncha ya ukaya. "Chokaa huku inauzwa wapi?"

Zhor akamtazama kwanza, kuona kama anatania. Akasema duka liko nyuma ya tanuri la Allal, ila leo limefungwa, mpaka kesho.

Turia akasema kesho atakuwepo.